Konzi ya Unga Mkebeni

Juzi nilimwona mke wangu akipima unga wa sima, kisha akachota konzi moja akaitia katika mkebe wa kando. Ile harufu ya unga mkavu ilinipeleka jikoni kwa mama, Kibarani.

Mama naye alifanya vivyo hivyo, hata siku ambazo sima haikututosha. Mimi niliamini ile konzi ni ya koma, wazee wetu waliokufa. Sitaki kumsingizia mama. Hakuniambia hivyo, labda nilijitungia.

Alasiri moja shangazi, dadake baba, alipiga hodi akitokea Mariakani. Baba hakuwa na kibarua na unga wa kupikia ulikuwa umekwisha. Kumlaza wifi yake na njaa ilikuwa aibu asiyoiweza mama. Akauteremsha mkebe.

“Mama, usiguse! Koma watakasirika!”

Shangazi akaangua kicheko. “Wifi, huyu mwanao ana nini?”

“Koma mwenyewe ndiye huyu, kaja na njaa yake,” mama akanijibu. “Mwamkie.”

“Shikamoo shangazi,” nikasema, nikichungulia kama miguu yake inagusa chini.

Leo najua ilikuwa akiba tu. Lakini juzi mwanangu aliponiuliza ile konzi ni ya nani, nilimjibu, “Ya shangazi.”