Beryl Anachagua Kalkuleta

Enzi zile dhahabu ilipowapagawisha watu wa Tarime, wengi waligombania sururu na nyundo. Beryl Otiende, fundi wa elektroniki pale Nkende, alihangaikia kalkuleta. Ya zamani ilimponyoka ikatumbukia ndani ya duara, shimo la wachimbaji kule Kewanja, na hakuna aliyekubali kuifuata.

"Si utumie simu?" mumewe Vincent alimuuliza.

"Mama yako akipiga katikati ya hesabu, namba zangu zote zinayeyuka."

Vincent akacheka. Alimjua mama yake.

Beryl akaenda Sirari, dukani kwa Joram, muuza vifaa vya elektroniki. Beryl alikuwa akitengeneza visanduku vya kuzima pampu maji yanapoisha shimoni, mota zisiungue, na programu ya kwenye chipu aliiandika mwenyewe. Kwa hiyo alitaka kalkuleta inayogeuza namba za kawaida ziwe za sifuri na moja, au zile za kumi na sita zinazochanganya tarakimu na herufi.

Joram akaleta yenye vitufe vikubwa, inayotamka majibu kwa sauti. Beryl akatikisa kichwa. Akaleta yenye kioo kipana cha kuchora grafu. Beryl akaiwasha, akangoja, akapiga mwayo wa makusudi.

"Hii inaamka kama mgonjwa, kaka. Halafu kule mashimoni nitaichajia wapi?"

Mwishowe akashika moja ndogo nyeusi, akafumba macho, akabonyeza kitufe kimoja kimoja huku akisikiliza.

"Dada, unanunua au unaposa?"

"Kuposa kuna haraka zaidi," akajibu, macho bado kayafumba. Vitufe viliitika vizuri, na namba ziligeuka alivyotaka. Akaichukua.

Kule Kewanja alimkuta mwenye duara, Eunice, mama wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo pampu yangu itapona?"

Beryl akapiga hesabu, akarekebisha programu ya kisanduku, kisha akainua kihisi cha maji kutoka majini, kana kwamba maji yameisha. Pampu ikakoroma kidogo, ikajizima. Wachimbaji wakapiga vigelegele.

Eunice akainyakua kalkuleta ajumlishe magunia yake ya mawe: saba ya asubuhi, matano ya mchana. Akakodoa macho.

"Imeandika C!"

Beryl alikuwa ameiacha kwenye namba za kumi na sita, ambako kumi na mbili huandikwa C. Kabla hajaeleza, Eunice alishawageukia wachimbaji.

"Mmeona? C ya hesabu! Shuleni sikuwahi kuinusa!"