Siku Tulipoiombea Pikipiki ya Baba Judy

Kwanza mjue mimi sikutaka pikipiki. Nilitaka tanki la maji. Miaka minne tumekaa Kitengela, upande huu wa nyuma ambapo mfereji hutoa hewa tu, na miaka minne nimebeba mitungi kutoka kwa lori la maji mpaka jikoni. Kwa hivyo Baba Judy aliponipigia simu kusema ameleta kitu cha kusaidia nyumba, nilitoka mbio na unga mikononi. Nikapata pikipiki imefungwa kamba juu ya lori dogo la kanta, na bwana yangu ameishika taa kama mgonjwa anayeshushwa hospitali.

Baba Judy ni Nalianya, mtu wa Bungoma, fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari huko Kajiado. Ni mpole na anapenda utaratibu. Chumvi ya jikoni kwangu ina karatasi imeandikwa CHUMVI. Sasa mtu kama huyo alienda mpaka Illasit, kwa mkulima wa nyanya, akarudi na pikipiki ya mtindo wa kizamani, taa ya duara, silinda moja tu, ati hiyo moja ndiyo utamu wenyewe. Ikiwashwa inasema du, du, du, polepole hadi unaweza kuhesabu, na vikombe vyangu vinatembea kwa kabati.

Aliipa jina Mwalimu Mkuu, kwa sababu lazima ujue imeamkaje kabla uiambie shida yako. Haina kitufe cha kuwasha, ni kupiga kiki kwa mguu. Alikuwa na daftari la kiki na choki, ile ya kuibania injini hewa ikiamka na baridi. Asubuhi na baridi: choki yote, kiki tatu. Ikiwa na joto: usiguse choki, itakasirika. Siku ya nne Mwalimu Mkuu alirudisha kiki kwa nguvu, ikamgonga muundi, akatembea akichechemea wiki nzima na hilo pia akaliandika. Gia ya katikati, ile ya kutokwenda popote, alikuwa anaipata tu wakati hakuna mtu anaangalia. Na akipita stage ya abiria, watu walimsimamisha wakidhani ni boda ya kukodi. Siku moja alifika kwetu amebeba mzee wa Kimaasai tusiyemjua na kuku wawili, kwa sababu mzee alipanda tu pale Isinya akasema twende, na Baba Judy hakujua mtu hukataa namna gani. Nilipika chai. Ningefanya nini?

Mtu mwingine aliyempenda Mwalimu Mkuu ni jirani yetu Muthama, ambaye anauza matanki ya maji hapo kwa barabara ya Namanga. Alikuja akaizunguka mara tatu, akasema atatupa tanki la lita elfu tano, jipya, na mabomba yake, tumwachie hiyo pikipiki. Mimi nilisema sawa kabla amalize. Baba Judy aliipangusa taa yake siku mbili, halafu akaomba tufanye hivi: Jumamosi itubebe sisi wawili mpaka Kajiado na kurudi. Ikifika, inabaki. Ikikataa hata kuwaka, Muthama achukue na mimi nipate tanki langu. Nikakubali haraka sana, kwa sababu daftari nilikuwa nimelisoma.

Lakini kwetu kitu cha magurudumu hakiendi safari ya kwanza bila kuombewa. Mamangu Rahab alikuja kutoka Kware kwa ajili hiyo peke yake, na chupa ya mafuta ya upako. Pasta Gakuru akaja. Katee wa boda akaja na wenzake wawili, na Muthama akaja na lori, tanki jeusi liko juu, ati asije akasumbuka mara mbili. Baba Judy alikuwa amevaa koti la ngozi kwa hilo jua la saa nne.

Pasta alisema sote tuiwekee mikono. Yeye akashika taa, mama akashika mkono wa kushoto wa usukani, Muthama akakikalia kabisa kiti. Mahali pa mwenyewe ni kulia, pale pa kuongeza moto, lakini kwao kwa Wabukusu mtu hasimami bega kwa bega na mama mkwe, ni aibu kubwa. Kwa hivyo Baba Judy alienda nyuma kabisa akainama akashika bomba la moshi, na mimi nikachukua nafasi yake.

Pasta Gakuru akiombea kitu hukiombea chote. Aliombea tairi, akaombea nyororo, akaombea malori ya simiti na punda wote wa kutoka hapa mpaka Kajiado. Mimi nilifumba macho na nikaufinya huo usukani kwa imani, na haki ya Mungu nilikuwa naombea tanki. Mwishowe mama akamwaga mafuta, mengi yakaenda kwa kiti. Tukasema amina.

Baba Judy akafungua na ufunguo, akapanda, akateleza, akapanda tena. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tatu kulingana na daftari. Kimya. Akatoa choki, akarudisha choki. Alipofika kumi na mbili alivua koti. Kwa ishirini Katee alisema ni mafuta hayashuki, wakailaza Mwalimu Mkuu kando vile watu wa boda hufanya, na petroli ikamwagikia viatu vya Pasta. Wakatoa plagi, wakaipangusa, wakairudisha. Mama alinong'ona, na mama akinong'ona husikika Rongai, kwamba huyo mkulima wa nyanya hakuwa mtu wa kanisa. Pasta akaomba tena, fupi, kwa sababu ya viatu.

Mimi nilikuwa na furaha, sitadanganya. Tayari nilikuwa nimechagua pembe ambapo tanki litakaa. Lakini kwa kiki ya thelathini na tisa nilimwangalia vizuri. Shati limelowa, muundi umevimba tena, na watu wa stage wanacheka bila kujificha. Akashuka. Hakulaumu mtu. Alifuta mafuta ya mama kutoka kwa kiti na kitambaa chake, akaja akaniwekea ufunguo mkononi.

"Mwambie Muthama ashushe tanki," akasema. "Umebeba maji vya kutosha, Mama Judy. Mimi nilikuwa nacheza tu."

Mungu wangu, niliumia. Afadhali angenitukana. Nikageuka nisionekane macho, nikashika usukani palepale nilipokuwa nimeshika wakati wa maombi, na kidole gumba kikaangukia kitu kidogo chekundu. Swichi ya kuzima injini. Ilikuwa imeshuka chini. Nilijua mara hiyo hiyo ni nani aliyeishusha, na akiwa anaombea nini. Hao wa boda hawakuiangalia, pikipiki zao za stage huzimwa na ufunguo, swichi kama hiyo kwao ilikufa zamani.

Tanki lilikuwa tayari limefunguliwa kamba. Nililiangalia. Zuri, jeusi, na kifuniko.

Nikainua swichi. Nikamrudishia ufunguo nikamwambia apige mara moja ya mwisho, na asinibishie. Akapiga. Du, du, du. Pasta alianguka magoti, mama akapiga vigelegele, na Muthama akaanza kufunga kamba tena.

Tulienda. Mimi niko nyuma nateleza kwa yale mafuta, nimemshika kiuno, nimekasirika sijui na nani. Isinya alisimamisha, akatuma macho mbali kwa mbuzi za watu.

"Ile swichi niliiona kwa kiki ya kumi na moja," akasema.

Nilimuuliza zile zingine ishirini na nane alikuwa anapiga za nini. Akasema aliliona tanki, akaniona vile ninaliangalia, na angeacha mapema ningejua ananiachia makusudi. Nilimpiga na helmeti. Halafu nikacheka mpaka nikakaa chini kando ya barabara, kwa sababu nimepoteza tanki kwa huruma, na mwenye kuhurumiwa alikuwa ameshanipa.

Kajiado tulifika, na tukarudi. Kanisani muujiza wa Mwalimu Mkuu unatolewa ushuhuda kila mwezi, na mimi hujibu amina kwa sauti kuliko wote. Tanki bado hatuna. Lakini Baba Judy amechomelea chuma nyuma ya kiti, na kila Jumamosi asubuhi, choki yote, kiki tatu, Mwalimu Mkuu huenda kwa lori la maji na kuniletea mitungi minne mpaka mlangoni.