Mafiga ya Bibi Yaliyobaki Ndani ya Kamba

Kampuni iliyonunua eneo letu kule Nyamongo ilikuwa inajenga vyumba vya kupanga. Wakati ule dhahabu ilikuwa imeleta watu kutoka Shinyanga, Geita, Kigoma, kila mahali, na chumba hakikukauka sakafu kabla ya kupata mtu. Aliyeuza ni baba mdogo. Bibi aliambiwa kwamba nyumba yake ya nyasi itabomolewa, akaendelea kupepeta mtama kana kwamba anasemwa mtu mwingine.

Halafu wakaja na habari nyingine. Kampuni ilitaka kudhamini nyumba moja ya asili ya Kikurya, ijengwe mbele ya gesti yao mpya, ili wageni wauone urithi wetu. Walitafuta mwanamke anayejua kukandika kuta na kuzisiriba kwa samadi, wakaelekezwa kwa Bibi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina kazi, nikawa namsombea maji na udongo. Si msemaji mimi. Hata shikamoo yangu watu huomba niirudie.

Nguzo ya katikati waliing'oa kwenye nyumba ya Bibi mwenyewe, maana bosi wa kampuni alipenda weusi wake wa moshi. Siku hiyo ya kubomoa Bibi hakulia. Alichukua mafiga yake matatu, akayabeba kichwani moja moja, akaenda kuyapanga ndani ya nyumba mpya. Hakuna aliyemtuma, wala hakuna aliyemkataza. Mafundi wa plasta walimtania. Mmoja alisema, "Bibi, nyumba umeshapata, bado mzee tu."

"Wewe kanda udongo," Bibi alimjibu. "Mzee atakuja akisikia harufu ya ugali."

Siku ya uzinduzi walikuja wageni kutoka Tarime, yakafungwa maturubai, ngoma ikachezwa. Bosi alieleza kuwa kampuni yake haijengi majengo tu, inalinda utamaduni wa watu. Kisha wakamwomba Bibi awashe moto wa kwanza ili wapige picha.

Bibi alinifundisha tangu nikiwa mdogo kwamba mwanamke anayewasha moto wa kwanza ndani ya nyumba ndiye mwenye nyumba, na kwamba asiye na nyumba pale haombwi kuuwasha. Bibi aliinama, akapuliza mpaka ukashika. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Tangu nyumba ibomolewe tulikuwa tunalala kwenye stoo ya baba mdogo, katikati ya magunia.

Wageni walipoondoka, Bibi alibeba ngozi yake ya kulalia na sufuria, mimi nikafuata na kuni. Mlangoni tulikuta kufuli. Mlinzi, kijana mpole, alimwamkia vizuri, akamuuliza anakwenda wapi.

"Nyumbani."

"Bibi yangu, humu halali mtu. Hata bosi mwenyewe halali humu."

"Moto nimewasha mimi."

"Umeshazimwa, Bibi. Wamemwagia maji, wanaogopa nyasi zisishike."

Bibi alikaa chini pale pale, sufuria mapajani. Mlinzi akanitazama, nadhani alitaka nimwambie Bibi neno. Mpaka leo silioni neno ambalo lingelifungua kufuli lile. Tulikaa mpaka baba mdogo alipokuja kutuchukua.

Sasa tumepanga chumba kimoja cha kampuni hiyo hiyo. Kipo pale lilipokuwa zizi letu la ng'ombe. Bibi anapikia jiko la mkaa nje, kwenye korido, na wapangaji wanamruka wakipita. Aliomba angalau arudishiwe mafiga yake. Baba mdogo alikwenda kuuliza, akajibiwa kuwa sasa ni ya maonyesho na hayatolewi. Wameyazungushia kamba, mgeni asiyaguse.

Juzi nilichungulia kwenye upenyo wa mlango. Kwa kuwa ndani hamna moshi, mchwa wamepanda ile nguzo yetu mpaka juu, na unga wake unadondoka juu ya mafiga. Majivu hakuna. Bango la wadhamini nje bado linang'aa.

Nikirudi kutoka upande ule Bibi huniuliza kama kuna mtu amewasha. Namwambia hapana. Anainama tena kupuliza mkaa.