Handahu, Fungahe

Kama Mzee Ngowa angenyamaza siku ile, angeendelea kutarizi shingo za kanzu kwa amani mpaka leo. Lakini kunyamaza si katika vipaji alivyojaliwa.

Anafanya kazi kwenye duka la ushoni la Maalim Zaki, Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Maalim ni mwenyeji wa hapo tangu enzi za mababu. Alisomesha chuo cha Kurani miaka mingi, mpaka magoti yakakataa kukaa mkekani, akarudi kwenye cherehani. Ngowa ni Mgiriama na Mkatoliki. Wamekaa pamoja miaka thelathini na mmoja, na ugomvi wao mkubwa ni feni ielekezwe wapi.

Siku hiyo aliingia dada mmoja, Rosebella, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Alitaka kushonewa kasula, lile vazi la juu la padri, lakini la mtindo wa zamani lisilofunika mikono. Yeye na wenzake kama ishirini walikuwa wamepata ruhusa ya kusomewa Misa ya Kilatini, ile ya kabla ya mabadiliko, padri akielekea altare upande mmoja na watu wake. Maneno walikuwa wakijifunza kwenye simu.

"Simu?" Ngowa akasema bila kuinua macho kwenye sindano. "Mimi nilitumikia Misa hiyo, mwanangu, misheni ya kwetu upande wa Kaloleni, mwaka wa sitini na mbili. Yote ninayo hapa." Akajigonga kichwa.

Rosebella nusura alie kwa furaha. Kabla kitambaa hakijapimwa, Ngowa alikuwa ameshaombwa kutumikia Misa ya kwanza, wiki tatu mbele, naye ameshakubali.

Tatizo ni kwamba hakuwa nayo yote. Majibu mafupi alikuwa nayo kweli. Lakini liko jibu moja refu, Suscipiat, ambalo mtumishi hulisema ameinama, baada ya padri kuwageukia watu na kuwaomba wasali ili sadaka ipokewe. Hilo Ngowa hakuwahi kulijua. Mtumishi mwenzake, Kaingu, alikuwa amegundua kwamba urefu wake ni sawasawa na kuhesabu kwa Kigiriama mpaka kumi, mara mbili, haraka haraka, kichwa chini. Padri wao Mzungu alisikia mvumo, akasema Amina, akaendelea. Walifanya hivyo miaka miwili, mpaka Kilatini kikaondoka, kikaingia Kiswahili, na mambo yakajifunika yenyewe.

Kaingu alikufa zamani. Na padri wa Misa hii mpya aliitwa Padri Kenga, Mgiriama mwenziwe. Huyo akisikia handahu, fungahe, yaani sita, saba, asingesema Amina.

Ngowa aliona aibu kabla haijafika. Watu wa jumuiya yake walikuwa wameanza kumwita Mzee Kilatini, naye, Mungu amsamehe, alikuwa akiitika. Siku ya tatu akamweleza Maalim, mkononi ana karatasi ya majibu aliyoandikiwa na Rosebella. Maalim alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanyoosha mkono.

"Nipa hiyo karatasi. Hii ni dua yenu, mimi siisomi. Kazi yangu ni kukusikiza. Wana wangapi wamehifadhi mbele yangu, na Kiarabu hawakijui? Kipande kimoya kwa siku. Ukikosa, warudi mwanzo."

Ikawa hivyo. Ngowa alisoma kwa moyo huku akitarizi, na Maalim, karatasi mkononi, aligonga meza kwa rula ya kupimia vitambaa. Rosebella alikuwa amewaambia kwamba hapo mwanzo husomwa "sushipiat", na Maalim akawa mkali juu ya herufi hiyo kumshinda hata yeye.

"Shi. Wasikia? Kila herufi ina mahali pake pa kutokea. Rudi mwanzo."

Mteja mmoja aliyefuata kanzu yake aliuliza ni sura gani hiyo. Maalim akamwambia akae kitako asubiri.

Siku ya kumi na sita, Ngowa alipolimaliza lote bila kosa, Maalim aliuliza maana yake. Ngowa akageuza karatasi, akasoma tafsiri: Bwana aipokee sadaka mikononi mwako, kwa sifa na utukufu wa jina lake, na kwa manufaa yetu. Maalim akasema ni maneno mazuri. Hapo ndipo jambo lilipomchoma Ngowa. Kuumbuka mbele ya padri kulikuwa kitu kidogo. Sasa aliona kwamba kwa miaka miwili, mahali pa ombi hilo, Mungu alikuwa akipelekewa hesabu. Chakula kikamshinda siku mbili.

Jumapili ikafika. Padri Kenga aligeuka, kasula imemkaa vizuri, imetariziwa mgongoni kama kanzu ya bwana harusi, kwa sababu Ngowa hajui darizi nyingine. Akasema maneno yake, akarudi kuelekea altare. Ngowa akainama. Vidole vikaanza kujikunja vyenyewe, kimoja, cha pili. Akavibana. Sushipiat, akaanza, na jibu likatoka lote, herufi kwa herufi, bila kurudi mwanzo.

"Amina," Padri akasema.

Baadaye, kwenye sakristia, Padri alimshika mkono mbele ya Rosebella. "Mzee, miaka sitini umetutunzia jibu hilo."

Ngowa angeweza kuitika tu, kama alivyozoea.

"Hilo nina wiki tatu nalo, Padri, na aliyenisikiliza ni Maalim Zaki. La miaka sitini ni jingine." Akamweleza yote, mpaka na ile kumi ya pili. Rosebella aliziba mdomo. Padri alisikiliza, uso mkavu.

"Sasa nauliza," Ngowa akasema. "Misa zile zilihesabiwa?"

"Zilihesabiwa," Padri akasema. "Wewe na Kaingu ndio mliozihesabu."

Ngowa akacheka, halafu akalia, mzee wa miaka sabini na mbili, bado amevaa vazi la utumishi. Padri akamwacha alie. Kisha akatafuta kalamu, akamwuliza jina kamili la Kaingu, apate kumtaja kwenye sala ya marehemu katika Misa ijayo.