Picha Mbili za Malkia wa Al-Hamra

Wasomaji wangu, Jumamosi tulimzika mwanamke ambaye wengi wenu mlimcheka bila kumjua. Alifia Jeddah, katika nyumba ya mtaa wa Al-Hamra ambako mimi nilipika na yeye akafagia, tangu ofisi za ajira za Nairobi zilipoanza kutuchukua kwa makundi. Kabla ya ufagio alikuwa mwigizaji. Alizunguka na kundi lililoigiza tamthilia za mtihani mashuleni, na wanafunzi wakamwita Malkia. Mimi nilimwona nikiwa kidato cha nne, nikalia sana, kisha nikafeli swali la tamthilia.

Sebuleni mwa madam, mwajiri wetu, kulikuwa na picha mbili za mwanamke mmoja, mwigizaji wa London enzi za wale wafalme walioitwa George. Kubwa ilimwonyesha kwenye kiti cha enzi, macho juu, kama anayezungumza na Mungu na Mungu anamsikiliza. Ndogo ilikuwa kikatuni: mwanamke yuleyule, tumbo kama gunia, mdomo wazi. Madam alizitundika pamoja ili wageni wastaajabu kisha wacheke. Malkia alizipangusa kila asubuhi. "Waliocheka hii ndogo ndio waliopigia makofi ile kubwa," aliniambia. "Nawajua. Hata kwetu walikaa mstari wa mbele."

Siku moja wageni walipokuja, wanawake pekee, madam alimwamuru asimame chini ya ile kubwa aigize. Mamake alikuwa mahututi nyumbani, na ruhusa ya kusafiri ilikuwa mkononi mwa madam, kwa hiyo alisimama. Akasema maneno ya malkia aliyefiwa na mwana, kwa Kiswahili, na wale wanawake wasiojua neno letu hata moja wakasahau kahawa yao. Mmoja alifuta machozi kwa ncha ya abaya. Mimi nilikuwa na sinia mikononi na sikujua niiweke wapi.

"Halas, huzuni imetosha," madam akasema. "Yalla, sasa ile ndogo. Ukiifanya vizuri utaenda kwa mama."

Malkia akachukua mto wa kochi, akausukuma chini ya gauni, akapanua mdomo na kubweka. Simu zote zikatoka. Ruhusa hakupewa, na mamake akazikwa bila yeye. Video ilifika Sharafiya, mtaa wa Jeddah wanakokutana Wakenya, kesho yake, Wakenya wenzetu wakambatiza Tumbo, kisha ikaja huku nyumbani na ninyi mkatumiana. Safari ya kurudi nyumbani aliipata akiwa maiti.

Kabla ya mazishi binti yake alinipigia. "Anti, nataka watu wamwone Mama akiigiza. Aliondoka nikiwa mdogo, mimi mwenyewe sijawahi kumwona." Niliuliza kila niliyemjua. Mashuleni simu zilikuwa marufuku. Video ya mto iko kila mahali, lakini ile ya malkia haipo popote, kwa sababu siku ile hakuna aliyekumbuka kwamba ana simu. Nilimweleza binti ukweli. Akasema, "Basi nitumie hiyo."

Waliionyesha kwenye skrini kando ya jeneza. Waombolezaji walicheka, na binti akacheka nao, kwa kuwa hicho ndicho alichopata. Nami nimejifunza hivi: anayetaka kukumbukwa asiwe hodari kupita kiasi. Awaachie watu nafasi ya kutoa simu.