Séverine na Mkeka Usiotandikwa

Séverine alizaliwa mwaka 1962 katika vilima vya kusini mwa Burundi, mtoto wa kwanza wa katekista Siméon na mkewe Lidia. Alibatizwa kabla hajajua kukaa. Mwaka 1972, nchi ilipochafuka kwa mauaji, Siméon alichukuliwa na watu wenye bunduki akiwa shambani kwake, na hakurudi. Lidia alikimbia na watoto wake watatu: Séverine, mdogo wake Rosine, na kichanga Aristide aliyekuwa mgongoni. Njiani Aristide alishikwa na kuharisha, akafa. Askari walikuwa nyuma yao, kwa hiyo mama alimfukia kando ya njia kwa udongo na majani, akawakataza mabinti wasilie, wakaendelea kutembea. Walivuka hadi Tanzania, na baada ya kuhangaika huku na huko wakapelekwa Katumba, karibu na Mpanda, wakaonyeshwa kipande cha pori na kuambiwa kuwa hapo ndipo kwao.

Mwaka mzima Lidia alilima kama mtu aliyetumwa. Hakusema zaidi ya lililo lazima. Alipokwenda shambani alijifunga mgongoni ile nguo ya kubebea mtoto, tupu, na hakuna aliyethubutu kumwambia aivue. Ndipo wanawake majirani, ambao kila mmoja alikuwa ameacha mtu wake njiani, walipokuja na mikeka bila kuitwa, wakaitandika uani kwake, wakaketi. Walimwambia, “Mwihangane,” ndiyo pole ya Kirundi, kisha wakaanza kumzungumzia Aristide. Kichanga wa miezi saba ana habari gani za kuzungumzwa? Lakini walizipata. Walisema alikuwa akicheka akiona mbuzi. Hapo Lidia alilia kwa mara ya kwanza tangu alipovuka mpaka. Siku ya kuanua matanga alinyoa nywele, akaifua ile nguo, akaikunja na kuiweka, akapika maharage wakala wote. Séverine alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na aliyaona yote hayo akiwa ameketi pembeni ya mkeka. Wengine huitwa na Mungu kwa sauti kutoka juu, yeye aliitwa kutoka chini, pale walipoketi wale wanawake.

Alitamani utawa, lakini karatasi za ukimbizi zilimkwamisha. Masista wa misheni wakamsomesha uuguzi, wakamwombea kibali cha kutoka makazini, na mwaka 1988 akapangiwa kituo cha afya cha misheni katika bonde la Mpimbwe, upande wa Mamba na Kibaoni, kwenye mashamba ya mpunga. Kwa heshima ya walio hai hatutaitaja parokia hiyo, ingawa heshima yenyewe ni ndogo. Alikuwa mkunga mwenye mikono miepesi. Lakini kilichomfanya ajulikane ni kwamba hakuna msiba uliompita. Akitoka zamu anachukua mkeka wake na kwenda kuketi, kwa Mpimbwe, kwa Mfipa, kwa Msukuma, kwa Mkristo na kwa Mwislamu. Nyanda, Msukuma aliyekuwa mhudumu wa kituo, alizoea kumwita Sista, kama wauguzi waitwavyo, na kumtania: “Sista, wewe ukifa, bonde hili halitakuwa na pa kukanyaga. Mikeka mpaka barabarani!” Séverine alicheka. Kwa miaka kumi aliamini kuwa hilo ni kweli.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zilikuja zile mvua ambazo kila aliyekuwapo anazikumbuka. Mto Kavuu ulifurika, vyoo vikafurika, visima vikaingia uchafu, na barabara ya Mpanda ikakatika. Januari 1998 kipindupindu kiliingia. Kituo kilikuwa na watu wanne: tabibu Isidori, Séverine, muuguzi kijana aitwaye Yustina, na Nyanda. Walisimamisha mahema uwanjani na kuweka ndoo za klorini mlangoni. Ilitoka amri kwamba afaye kwa ugonjwa ule azikwe siku ileile na watu wa kituo, ndugu wasimwoshe, na matanga yasiwekwe. Amri ilikuwa sahihi, tusimsingizie mtu. Séverine mwenyewe ndiye aliyeisimamia. Aliwazuia kina mama kwenye kamba iliyozungushiwa mahema, kwa mikono yake, yeye aliyejua kuliko wote ni kitu gani anawazuilia.

Watu wakageuka. Walisema klorini ndiyo inayoua. Walisema Mrundi kaja na ugonjwa wa kwao, miaka kumi wakiwa wamesahau kuwa ni Mrundi. Akifika kisimani wanawake walibeba ndoo zao zikiwa nusu wakaenda zao. Kanisani aliketi benchi zima peke yake, na wakati wa kutakiana amani hakuna aliyegeuka. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda walau hujawahi kulia naye na kulala naye mkeka mmoja msibani. Machi, Isidori alipanda lori la mpunga lililofanikiwa kupita, akaondoka, asionekane tena. Padre Polycarpe, paroko, alimwita Yuda kutoka altareni. Baada ya misa Séverine alimfuata sakristia. “Padre,” alisema, “Isidori naye alikuwa mgonjwa wetu. Sisi ndio tumeshindwa kumtibu.” Paroko alimwambia akapumzike, kisha akamkumbusha kuwa zamu ya mchana inamsubiri.

Séverine mwenyewe alikuwa mgonjwa, si wa kipindupindu, na waliomzunguka hawakutaka kuona. Choo cha mwenye kipindupindu hufanana na maji ya mchele, na yeye alikuwa akiishi katika nchi ya mchele. Alifika mahali hata sufuria ya jirani ikichemka ilimtapisha. Alinawa klorini hadi ngozi ya vidole ikapasuka, na akaendelea kunawa. Chakula kikiwa mezani aliinuka ghafla, kwa kuwa alisikia mtu akiita “Maji, Sista,” katika mahema ambayo siku hiyo yalikuwa matupu. Yustina alimshika mkono. “Dada, hakuna mtu kule.” Akajibu, “Najua hakuna. Niache tu niende nikaone.”

Mwezi wa Mei mpunga ulivunwa na ugonjwa ukatangazwa kuwa umekwisha. Séverine alikwenda kwa paroko na ombi moja, na ombi hilo ndilo maisha yake yote. “Padre, amri imeondolewa. Naomba tuweke matanga. Ya wote, hata kwa siku moja. Wafiwa wakae, na sisi tuliozika tukae nao, watu waje watupe pole. Padre, mimi nimezika watu wa bonde hili na sijapewa pole hata moja.” Padre Polycarpe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka ya furaha, na hao ni hatari zaidi. Alimjibu kwamba matanga yangewarudisha watu katika huzuni, kwamba uuguzi ni wito na wito una nguvu zake, na kwamba mzee Amosi, mwenyekiti wa walei, alikwisha kuandaa misa ya shukrani na ng'ombe wawili.

Siku ya shukrani walimketisha Séverine mbele na kumwekea sinia ya wali mpya. Aliutazama, akasukuma sinia, akatapika pembeni ya meza mbele ya wageni. Wanawake wakaguna. Alijifuta mdomo, akasimama, na watu wote wakamsikia: “Nyie leo mnaanua matanga. Mliyaweka lini?” Ngoma ikapigwa. Akaenda nyumbani, akachukua mkeka wake, akautandika uwanjani pale mahema yalipokuwa, akaketi chini na kunyoosha miguu kama mfiwa. Nyanda aliiacha nyama yake akaja kuketi. Yustina akaja. Basi, watu watatu.

Aliketi siku iliyofuata pia, na ya tatu. Hapo parokia ikapata maneno: amepagawa. Likaja kundi la sala, watu zaidi ya arobaini, na kigoma na maji ya baraka, wakamzunguka wakikemea. Katika kituko kile chote, mwenye akili timamu alikuwa mmoja tu. Aliwatazama nyuso zao, akawatambua mmoja mmoja kwa misiba yao, akasema kwa upole, “Mmekuja wengi kweli. Basi kaeni.” Mkeka ulikuwa na nafasi. Hawakukaa. Walikemea wakiwa wamesimama mpaka miguu ikachoka, wakaenda zao, na juma lile mzee Amosi alimpandisha kwenye gari akarudishwa Katumba kwa mama yake, na kibegi chake na barua ya kusema hafai.

Lidia alipomwona binti yake akishuka, akinawa mikono ambayo haina uchafu, alimtuma Rosine kwa majirani. Wale wanawake, sasa vikongwe, wakaja tena na mikeka. Hawakuwafahamu watu wa Mpimbwe, hawakuwa na deni lolote nao. Waliketi. “Mwihangane,” walimwambia, kisha wakauliza: huyo wa kwanza uliyemzika alikuwa nani? Séverine akawaambia. Alikuwa mkulima wa Mamba, mpenda ugoro, aliyefariki akiomba radhi kwa kuchafua shuka. Na wa pili? Akawaambia. Alisimulia hadi sauti ikakauka, wao wakilia kwa ajili ya watu wasiowajua. Walipofika kwa wa mwisho, Séverine alijilaza palepale mkekani akalala usingizi mzito, wanawake wakinong'ona juu yake. Siku ya kuanua alinyoa nywele akala. Miujiza mingi inasimuliwa juu ya mtumishi huyu wa Mungu. Mwandishi anauamini huo mmoja bila shaka yoyote: kwamba alilala.

Desemba mvua zilirudi na kipindupindu kikarudi nazo. Muuguzi aliyepelekwa badala yake alikwisha kukimbia. Gari la parokia likaja Katumba, ndani yake Padre Polycarpe mwenyewe, amekonda. Lidia alisema, “Mwanangu hatoki hapa.” Lakini Séverine aliuliza habari za Yustina, akaambiwa yuko peke yake. Akasema, “Nitakuja. Ila ugonjwa ukiisha, matanga yawekwe. Ya wa mara ile na ya wa mara hii. Na Yustina na Nyanda wakae katikati.” Paroko aliapa mbele ya Lidia, mkono juu ya kitabu chake cha sala. Wanaotafuta ushujaa wa watakatifu katika vidonda na minyororo waache kutafuta mbali: mwanamke huyu aliwajua vizuri wale watu, akapanda gari.

Alihudumu Krismasi na Januari. Alikula wali kidogo, Nyanda akamshangilia kama mtoto. Februari 1999 ugonjwa ulimshika yeye mwenyewe, na kwa mwili uliokuwa umechoka hivyo haukuhitaji muda. Yustina alimhudumia katika hema lilelile. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, “Mkumbushe Padre ile mikeka.” Akafa mchana. Nyanda alimzika siku ileile kwa klorini na chokaa, bila ndugu, bila wimbo, kama amri ilivyotaka. Bonde lilikuwa na pa kukanyaga tele.

Aprili ugonjwa uliisha. Nyanda alikwenda kwa paroko: “Padre, ile mikeka?” Akaambiwa tusubiri mavuno. Baada ya mavuno akaambiwa parokia inaandaa jambo kubwa zaidi. Jambo lenyewe likawa kaburi la saruji, lenye vigae vyeupe na msalaba mrefu. Kwa maana tayari watu walikuwa wameanza kwenda pale. Mama mmoja wa Kibaoni aliomba na homa ya mtoto ikashuka. Mwingine aliyekuwa tasa akapata mimba. Wale waliomkimbia na ndoo zao kisimani sasa wanachota udongo wa kaburi lake. Hatukatai, Mungu hutenda apendavyo hata kwa watu wa namna hii. Wahenga walisema kufa kufaana, na njiani kwenda kaburini mzee Amosi amefungua kibanda cha mishumaa.

Siku ya kubariki kaburi Lidia aliletwa kutoka Katumba. Alishuka garini na mkeka kwapani. Walimpokea kwa vigelegele, wakampeleka kwenye meza ya wageni wa heshima, wakamketisha kwenye kiti chenye kitambaa. Alisema hapana, anataka kukaa chini. Wakacheka kwa adabu: “Bibi, mama wa mtakatifu hakai chini!” Wakauchukua mkeka wakauweka chini ya meza. Hotuba zilikuwa ndefu. Alipopewa nafasi, Lidia alisema maneno machache tu: “Mwanangu aliketi katika misiba yenu yote.” Walimpigia makofi. Jioni alirudi Katumba na mkeka wake, haujakunjuliwa.

Haya ndiyo maisha ya Séverine. Kanisa likipenda litayapima kwa wakati wake. Wengi wameuliza aigwe vipi, na ikiwa kuna sala maalumu. Sala ipo na ni rahisi. Mnapopita na mishumaa yenu kwenda kaburini, nyumba ya pili baada ya kituo anaishi Yustina. Bado yuko kazini. Tangu Februari ile aliyomhudumia Séverine hajala wali, na mikono yake imeanza kupasuka. Jioni huketi kizingitini akiwatazama mkipita, na mlango wake huwa wazi.