Zoezi la Hatua

Nafundisha vikundi vya kina mama huku Ilala na Kariakoo. Somo langu ni umaskini na afya: kwa nini maradhi yale yale huku yanaua, na kule kwa wenye nazo mtu anatibiwa na kesho yake yuko dukani. Siku ya kwanza hunicheka. "Mwalimu, sisi ndio wa kufundishwa njaa?" Nacheka nao, kisha tunaanza.

Katika kikundi kimoja alikuwamo mama muuza vitumbua, mtu mzima, kila nikifika namwamkia shikamoo na yeye anaitika marahaba huku mkono uko kwenye kikaango. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Siku moja akaniita uani kwake, akavua kiatu. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kimechimbika, kinanuka, amekipaka majivu ya sijui mti gani. Nilipandwa na hasira palepale.

"Mama, hiki si cha majivu. Hiki cha hospitali, leo hii!"

"Hospitali kwa pesa ipi, mwanangu? Na mtu asijue."

Huyo mtu alikuwa mmoja tu: mkwe wake. Binti wa mama huyu ameolewa kwenye nyumba yenye duka la khanga za jumla Kariakoo, na mama wa mumewe, ndiye huyo mkwe, naye alikuwa mwanakikundi. Msiniulize mwenye duka alifuata nini kwetu. Alifuata umbea, na kutuuzia sare. "Walimchukua mwanangu wakidhani kwetu tunajiweza," mama wa vitumbua aliniambia. "Wakisikia mama mtu anaoza mguu kwa kukosa hela ya daktari, mtoto atakula masimango mpaka akome."

Basi, mradi ulionilipa ukaja na neema. Bima ya afya kwa wanakikundi wachache, wale wenye hali ngumu kuliko wenzao. Nikasema alhamdulillahi, mguu umepona. Sikujua wanavyochagua.

Ofisi ilimtuma kijana mmoja mwenye fulana mpya na kishikwambi. Akawapanga kina mama mstari mmoja ukumbini, bega kwa bega, wamevaa sare zao. Atasoma swali, anayeweza jambo hilo apige hatua mbele, asiyeweza abaki. Watakaobaki nyuma ndio maskini, ndio watapewa bima. Ila wasiambiwe kitu kuhusu bima, eti wasije wakadanganya. Nikamvuta pembeni. "Kaka, waite mmoja mmoja chumbani uwaulize. Hapa kuna majirani, kuna wakwe." Akaniambia zoezi ni shirikishi na limepangwa na wakubwa. Shirikishi! Mwanamke wa Kiswahili umpange mbele ya mkwewe umuulize kama jana alilala na njaa, halafu ungoje akwambie kweli?

Nikapita nyuma ya mstari kama naweka viti sawa. Nikamnong'oneza mama wa vitumbua: "Usisogee hata kidogo. Kuna bima."

"Nimekusikia, mwanangu," alisema.

Kijana akasoma: nani anakula milo mitatu kwa siku? Mstari mzima ukasogea. Nani akiugua anatibiwa bila kukopa? Ukasogea tena, na mama wa vitumbua yumo, mguu wake umefungwa ndani ya kiatu cha kufunika, uso mkavu, jasho linamtoka. Nilimkazia macho. Hakunitazama mimi, alikuwa akimtazama mkwewe. Swali baada ya swali alisogea, na kila akikanyaga mimi ndiye niliyeuma meno.

Mkwewe je? Loo! Alibaki palepale tulipoanzia, anajipepea kwa ncha ya mtandio. "Mie na magoti haya nisogee niende wapi? Andika utakavyo, baba." Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana akaandika kweli. Mwenye duka hana cha kuogopa, hata akiitwa fukara ni mzaha. Kwa hiyo fukara wa kwanza wa kikundi chetu akawa yeye, na kadi ya bima akapewa.

Nilikwenda ofisini kwao nikasema yote, na sikusema kwa adabu. Mkubwa wao akanisikiliza akichezea kalamu. Akasema matokeo hayabadilishwi kwa sababu ya huruma. Kisha akanipa na methali: "Mficha maradhi kifo humuumbua, dada." Nilitamani nimrushie ile kalamu. Mtu hajapata homa bila daktari tangu azaliwe, anawapa methali wenye vidonda!

Nikarudi kwa mama, nikamwambia hospitali kuna msamaha kwa wasiojiweza, anatakiwa tu barua ya serikali ya mtaa. Akanicheka, kicheko kichungu. "Barua ya kusema mimi fukara? Itafika Kariakoo kabla sijafika hospitali." Nikambembeleza. Nikamgombeza. Nikamwambia atakufa. Akachota unga, akaendelea kukoroga.

Homa ilipompanda, binti yake ndiye aliyempeleka, hajitambui. Wakamkata mguu chini ya goti.

Nilimkuta wodini amezinduka, binti amekaa kitandani analia kimyakimya. Mama akanishika kiganja. "Mkwe wangu yuko njiani. Mwambie nimegongwa na bodaboda. Wewe mwalimu, atakuamini."

Nilitaka kukataa. Miaka yote hii nimesimama mbele za watu nikiwaambia semeni, msione haya, haya si yenu. Nilikuwa na hotuba nzima kooni. Mlango ukafunguliwa, mkwewe akaingia na chupa ya uji na machungwa, akaona shuka lilivyolala bapa upande mmoja, akapiga ukelele. "Mtume! Mkwe wangu, imekuwaje?"

Mama akanitazama.

"Bodaboda," nikasema. "Kamgonga pale Msimbazi, kakimbia."

"Wauaji wale! Wafungwe wote!" Akaketi akawalaani bodaboda mpaka wauguzi wakaja kututoa, nami nikiitikia kila laana.

Nilipoinama kumuaga, mama alinivuta karibu. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Leo umenifaa."